Rangi za njia za skii: mwongozo kamili wa kujua ipi inakufaa kabla hujaanza kushuka

Kosa linalojirudia ni hili: mtu amezoea njia za bluu za kituo kimoja, anasafiri kwenda kingine, anaona bluu kwenye ramani, anapanda lifti bila wasiwasi. Muda mfupi baadaye yuko katikati ya mteremko, skii zimekingama, mapaja yanamwaka moto, kushuka hawezi na kurudi juu hawezi. Ramani haikumdanganya. Ni yeye aliyechukulia rangi kuwa kipimo kimoja dunia nzima, mithili ya kilo au lita.

Rangi hujibu swali moja dogo: kwa taratibu za nchi hii, au kwa kulinganisha na njia nyingine za kituo hiki, njia hii imeinama kiasi gani? Haisemi kama leo kuna barafu, kama watu wamefurika, wala kama ukungu umeshuka. Hayo unayajazia mwenyewe, na hatua zilizo hapa chini ndizo namna ya kuyajazia.

## Vitu vya kuandaa

- Ramani ya njia ya kituo, toleo la msimu huu. Chukua ya karatasi hata kama unayo kwenye simu, maana baridi humaliza betri upesi.
- Ramani ya kontua (mistari inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa) ya eneo hilo, ikiwezekana ya kipimo cha 1:25,000, pamoja na rula ndogo yenye milimita. Hii ni kazi ya jioni, chumbani, siku moja kabla.
- Taarifa ya asubuhi ya kituo: lifti zinazofanya kazi, njia zilizofunguliwa, zilizosawazishwa usiku, na kiwango cha hatari ya maporomoko ya theluji.
- Namba ya simu ya doria ya kituo, iliyohifadhiwa kwenye simu yako. Aghalabu imeandikwa kwenye ramani au kwenye tiketi.
- Miwani ya theluji yenye lenzi mbili: ya daraja la S3 kwa jua kali, ya S1 kwa siku ya mawingu. Aliye na lenzi nyeusi tu, siku ya mawingu anashuka nusu kipofu.
- Helmeti.

## Hatua ya 1: Jipime kwa vitendo

Idadi ya siku ulizofundishwa haisemi kitu. Wapo waliojifunza kwa wiki mbili na bado hupiga kona vizuri upande mmoja tu. Nenda kwenye njia rahisi kabisa unayoifahamu ufanye majaribio matatu.

Kusimama ulipopanga. Chagua nguzo ya pembeni iliyo kama mita 30 chini yako. Shuka kwa mwendo wako wa kawaida, usimame kabla ya kuifikia. Rudia mara tatu. Ukiipita hata mara moja, bado uko kwenye rangi ya chini kabisa.

Kona kumi mfululizo. Tano kulia, tano kushoto, na mwendo wa kona ya kumi usizidi ule wa kona ya kwanza. Mwendo ukizidi, maana yake unaanza kona inayofuata kabla hujaimaliza hii. Kona imekwisha pale skii zinapoukingama mteremko, si pale zinapoelekea bondeni.

Kuteleza kwa ubavu. Simama skii zikiwa zimeukingama mteremko. Legeza kingo za skii kidogo kidogo, ushuke kwa ubavu mita 10 moja kwa moja chini bila kwenda mbele wala nyuma, kisha kaza kingo usimame. Geuka, fanya upande wa pili.

Hili la tatu ndilo linalopuuzwa kuliko yote, nalo ndilo litakalokutoa siku utakapokwama. Mwalimu wako asipolifundisha, mwombe.

Ukifaulu la kwanza tu, kaa kwenye kijani, rangi rahisi kuliko zote, au kwenye bluu iliyolala kabisa ukiwa na mwalimu pale pasipo na kijani. Ukifaulu mawili ya kwanza, bluu ya Ulaya ni yako. Ukifaulu yote matatu skii zikiwa sambamba, tena juu ya theluji ngumu, unaweza kuanza kufikiria nyekundu. Nyeusi inadai zaidi: kona fupi fupi zinazofuatana juu ya matuta na barafu, bila kulazimika kukata upana wote wa mteremko ili upunguze mwendo.

## Hatua ya 2: Jua utaratibu wa nchi uliyomo

Marekani na Kanada. Duara la kijani ni rahisi, mraba wa bluu ni wa kati, almasi nyeusi moja ni ngumu, almasi nyeusi mbili ni za mabingwa. Nyekundu haimo. Umbo na rangi hutumika pamoja, kwa hiyo hata asiyetofautisha rangi anaweza kusoma kibao. Jambo kubwa ni kwamba kila kituo hupanga njia zake kwa kuzilinganisha zenyewe kwa zenyewe. Bluu ya mlima wenye miinuko mikali inaweza kuwa nyeusi katika kituo kidogo cha vilima. Vituo vingine vimeongeza alama zao: Winter Park, Colorado, ina bluu-nyeusi katikati ya bluu na nyeusi, na Big Sky, Montana, ina almasi tatu. Umbo la yai la rangi ya chungwa si daraja la mwinamo. Linaonyesha uwanja wa kurukia, ambamo vikwazo hupangwa kwa ukubwa kuanzia S hadi XL.

Australia na New Zealand. Alama ni kama za Marekani.

Ufaransa, Hispania, Uskoti, Norwei na Uswidi. Kijani, bluu, nyekundu, nyeusi.

Austria, Ujerumani, Uswisi na Italia. Bluu, nyekundu, nyeusi. Kijani kwa kawaida hakuna, hivyo bluu inabeba mizigo miwili: njia tambarare ya wanaoanza, na njia ambayo mtu wa kati anaifurahia. Mwanagenzi anayetoka kwenye kijani cha Ufaransa asidhani kila bluu ya Austria ni yake.

Japani. Vituo vingi hutumia kijani, nyekundu na nyeusi, na nyekundu hapo ni ya kati.

Kuna kundi lingine linalowaponza hata wazoefu. Uswisi utaona njia za njano, na Austria utaona njia zinazochorwa kwa alama ya almasi badala ya duara. Hizi zimewekewa nguzo, na zinapofunguliwa zimekaguliwa dhidi ya maporomoko ya theluji, lakini hazisawazishwi kwa mashine, na jioni usitegemee doria ipite kuangalia nani amebaki. Zichukulie kuwa nyeusi hata kama mwinamo wake ni mdogo. La Chavanette, ukuta maarufu ulio mpakani mwa Ufaransa na Uswisi karibu na Avoriaz, umepewa rangi ya chungwa kwa sababu nyeusi peke yake ilionekana haitoshi kuonya.

Kisha kuna yasiyo njia kabisa. Vallée Blanche ya Chamonix, kilomita zipatazo 20 juu ya barafu ya mlima, hutajwa kama njia ya kawaida na watu wasiojua. Haina nguzo, haisawazishwi, na ina nyufa zinazoweza kummeza mtu mzima. Huko unakwenda na kiongozi wa milima na vifaa vya uokoaji.

Hatua hii imekamilika pale unapoweza kutaja, bila kuangalia ramani, rangi rahisi kabisa ya nchi uliyomo na alama inayofuata juu yake.

## Hatua ya 3: Geuza rangi kuwa tarakimu

Mwinamo hutajwa kwa asilimia, na asilimia huwatisha watu bure au huwatuliza bure. Asilimia 100 si ukuta wa wima. Ni digrii 45, yaani unashuka mita moja kwa kila mita moja ya mlalo.

- Asilimia 10 ni kama digrii 6
- Asilimia 25 ni digrii 14
- Asilimia 40 ni kama digrii 22
- Asilimia 60 ni digrii 31
- Asilimia 78 ni digrii 38
- Asilimia 100 ni digrii 45

Ujerumani na Austria mipaka ni hii: bluu isizidi asilimia 25, nyekundu isizidi 40, zaidi ya hapo ni nyeusi. Vipande vifupi mahali palipo wazi na papana vinaruhusiwa kuvuka mpaka. Marekani tarakimu zinazotumika sana ni kijani hadi asilimia 25, bluu kati ya 25 na 40, nyeusi kuanzia 40.

Tazama tarakimu hizo vizuri. Bluu ya Marekani imekaa mahali pa nyekundu ya Ulaya, na kijani cha Marekani kinameza bluu ya Ulaya. Aliyejifunzia bluu za Austria akienda Colorado na kuchagua bluu kwa mazoea, amejipandisha daraja bila kujua. Huo ndio mtego unaonasa watu wengi kuliko mingine yote niliyoitaja.

### Namna ya kukokotoa

Vituo vingi huchapisha urefu wa njia na mita inazoshuka. Gawanya ya pili kwa ya kwanza. Njia ya mita 1,200 inayoshuka mita 240 ina wastani wa asilimia 20. Kihesabu ulipaswa kutumia umbali wa mlalo badala ya urefu wa njia, ila chini ya asilimia 40 tofauti ni ndogo, usihangaike nayo.

Kinachopaswa kukuhangaisha ni neno wastani. Njia hiyo hiyo inaweza kuwa mita 1,000 za asilimia 15 na mita 200 za asilimia 45. Jumla ya mteremko ni ile ile, mita 240, lakini ndani yake mmejificha kipande cheusi. Mtu hakwami kwenye wastani. Anakwama kwenye zile mita 200.

Ndiyo maana unahitaji ramani ya kontua. Kwenye ramani ya 1:25,000 yenye kontua kila mita 20, pima kwa rula nafasi kati ya mstari na mstari unaofuata, ukifuata njia inavyoshuka:

- Milimita 3.2 au zaidi: asilimia 25 au chini yake.
- Kati ya milimita 3.2 na 2: mwinamo wa nyekundu ya Ulaya.
- Chini ya milimita 2: zaidi ya asilimia 40, vyovyote rangi isemavyo.

Kama kontua za ramani yako zimepangwa kwa nafasi nyingine, hesabu ni nyepesi: gawanya mita za kontua kwa mwinamo. Mita 20 kwa 0.40 ni mita 50 za ardhini, na kwenye 1:25,000 milimita moja ni mita 25, kwa hiyo milimita 2.

Onyo: pima pale mistari inapobanana kuliko kote, na upime mahali njia inapopita hasa. Njia inayozunguka mlima kwa mshazari hukata kontua polepole hata kama mlima wenyewe ni mkali. Ukipima mlima badala ya njia utaogopa bure.

### Rangi moja, dunia mbili

Nyeusi haina dari. Harakiri ya Mayrhofen, Austria, inafikia asilimia 78 na husawazishwa kwa mashine iliyofungwa kebo. Sarenne ya Alpe d'Huez, Ufaransa, nayo ni nyeusi, lakini ina urefu wa kilomita 16. Ugumu uko juu, na sehemu ya mwisho inapita korongoni pakiwa karibu tambarare. Ya kwanza inakupima kwa mwinamo, ya pili kwa uchovu na umbali kutoka kwa msaada. Anayesema "nimeshuka nyeusi" hajakuambia kitu mpaka ataje ipi.

## Hatua ya 4: Soma ramani ukianzia juu ya lifti

Ramani ya njia ni mchoro wa msanii. Haina kipimo, kaskazini si lazima iwe juu, na mteremko mkali unaweza kuchorwa umelala ili uenee kwenye karatasi. Itumie kujua kipi kinaunganika na kipi, si kujua umbali.

Weka kidole kwenye kituo cha juu cha kila lifti unayokusudia kupanda. Shuka nacho hadi chini ukipita kwenye rangi yako tu. Kidole kikikwama, usipande. Watu wengi hufanya kinyume: huanzia chini, wakaona bluu pembeni ya lifti, kumbe bluu hiyo inaanzia nusu ya mlima na kutoka kileleni hadi hapo ni nyekundu tupu.

Zingatia mambo matatu wakati kidole kinasafiri.

Kwanza, makutano. Pale njia yako inapogawanyika, andika jina au namba ya tawi sahihi. Kibao kimoja ukikipita umeingia nyeusi.

Pili, njia za kuunganisha. Hizi ni nyembamba, mara nyingi za upana wa barabara ya gari moja, upande mmoja ukingo wa mlima na upande mwingine bonde. Rangi yake ni kijani au bluu kwa kuwa mwinamo ni mdogo. Anayebreki kwa kabari, yaani ncha za mbele zimekutana na za nyuma zimetanuka, hapa hana nafasi ya kupiga kona apunguze mwendo, kwa hiyo hubreki mfululizo mpaka miguu inagoma. Mwenye ubao wa theluji ana shida iliyo kinyume: akikosa mwendo anakwama kwenye tambarare na inabidi afungue kifungo cha mguu mmoja, ajisukume. Kwake kijani kirefu ni adhabu kuliko nyekundu fupi.

Tatu, njia ya mwisho ya kurudi chini. Jioni kila mtu anaipita, theluji imekwanguliwa, na ikiwa bonde liko chini mara nyingi ni theluji ya kutengenezwa, nzito na ngumu. Ikiwa ni nyekundu nawe ni mtu wa bluu, uliza mapema kama lifti inashusha watu. Gondola, yaani vibanda vinavyoning'inia kwenye kebo, kwa kawaida hushusha. Lifti za viti baadhi tu. Lifti za kuburuta hazishushi.

## Hatua ya 5: Ongeza hali ya leo

Rangi ilipakwa kiangazi kwenye ofisi. Wewe unashuka asubuhi ya leo. Kanuni ninayoitumia ni ya kukadiria tu, lakini inaokoa: kila moja ya hali zifuatazo huongeza rangi moja. Zikikutana mbili, iache njia hiyo hata kama kwa kawaida unaimudu.

Barafu na theluji iliyokwanguliwa. Theluji iliyoyeyuka mchana huganda usiku. Mwishoni mwa msimu, mteremko unaotazama mashariki hulainika kwanza, kisha unaopigwa na jua la mchana, wa magharibi mwisho. Kwa hiyo njia ile ile yaweza kuwa kioo saa tatu asubuhi, tamu saa tano, na uji mzito saa nane. Sikiliza skii zako: mkwaruzo mkavu na mkali ni barafu, mngurumo wa chini ni theluji inayoshika.

Matuta na njia isiyosawazishwa. Matuta hujengwa na watelezaji wenyewe wanapogeukia mahali pale pale, na kila anayepita huchimba shimo zaidi. Bluu yenye matuta ni kazi ya mtu wa nyekundu. Taarifa ya asubuhi inaonyesha zilizopitiwa na mashine usiku. Isiyo na alama hiyo ihesabu kuwa na matuta.

Mwanga bapa. Mawingu yakitanda, vivuli hupotea na huoni shimo wala tuta mpaka uwe juu yake. Juu ya mstari wa miti hali hii ni mbaya zaidi, kwani weupe wa chini na wa juu huungana ukakosa hata kujua kama umesimama au unasogea. Shuka kwenye njia zinazopita katikati ya miti, kwa kuwa vigogo hukupa kitu cha kupimia, na ubadilishe lenzi, uweke ya S1.

Msongamano. Njia pana ikijaa watu inakuwa nyembamba. Nafasi ya kupiga kona ndefu haipo tena, na kona fupi hujaziweza.

Mwinamo wa pembeni nao usiusahau, ingawa hauandikwi popote. Njia inayoshuka mbele huku imelalia upande mmoja inakuvuta kwenye ukingo kila unapoachia kingo za skii. Mtu wa kwanza kuligundua hilo ni yule aliye dhaifu kwenye kona ya upande wa pili.

Hatari ya maporomoko ya theluji ina kipimo chake, cha 1 hadi 5, na hakihusiani na rangi. Njia iliyofunguliwa imekaguliwa. Ukitoka nje ya nguzo hata mita chache ukaguzi huo haukuhusu tena, na maporomoko mengi huanzia kwenye miteremko ya digrii 30 na zaidi, ambayo kwa tarakimu zetu ni asilimia 58 kwenda juu. Kiwango cha 3 kipo katikati ya orodha, watu wakadhani ni cha wastani. Si cha wastani, ni kikubwa.

## Hatua ya 6: Anza na njia ya kupimia

Siku ya kwanza katika kituo chochote, ya kwanza kabisa kushuka iwe rangi moja chini ya unayoimudu. Ishuke mara mbili. Mara ya kwanza miguu bado mizito na macho yanatafuta vibao, usihukumu chochote. Mara ya pili ndiyo ya kupimia.

Jiulize haya ukifika chini: Nilisimama popote nilipotaka? Nilipiga kona upande wangu dhaifu bila kujilazimisha? Mapaja yanauma? Ukijibu ndiyo, ndiyo, hapana, panda rangi moja. Jibu moja likigeuka, rudia njia ile ile mpaka litengemae.

Ukipanda rangi, chagua njia fupi ya rangi hiyo kwanza, iliyosawazishwa, na iliyo karibu na lifti. Nyekundu ya mita 600 itakufundisha mengi kuliko nyekundu ya kilomita 4, kwa kuwa kosa lake lina mwisho wa karibu.

Usipande rangi baada ya chakula cha mchana. Theluji imeharibika, miguu imechoka, na watu wamejaa. Mambo matatu kwa mpigo.

## Hatua ya 7: Kagua mlangoni

Umefika juu ya njia. Simama pembeni, si katikati na si nyuma ya ukingo ambako anayekuja hakuoni. Soma kibao: jina, namba, rangi. Linganisha na ulichoandika. Kamba au nyavu zilizokatiza njia maana yake imefungwa, na sababu inaweza kuwa usiyoiona ulipo, kwa mfano mashine inayosawazisha ikiwa imefungwa kebo ndefu ya chuma. Kebo hiyo hulala chini ya theluji kisha hukazika ghafla na kuruka juu. Usiku au baada ya kufungwa, kuingia kwenye njia ya namna hiyo ni kucheza na maisha.

Sasa tazama chini. Je, unaiona njia yote, au inapotelea nyuma ya ukingo? Inapopotelea ndipo penye mwinamo mkali. Watazame watu watatu wanaokutangulia: wakizama ghafla na kuibukia mbali chini, ni mkali, wakipungua taratibu machoni, umelala. Mtazame hasa mwenye uwezo kama wako. Bingwa hufanya kila kitu kionekane tambarare.

Kabla ya kuondoka angalia juu kwanza, kisha chini. Kanuni za FIS, shirikisho la kimataifa la skii, ziko wazi: anayeingia au kuanza tena ndiye mwenye wajibu wa kuhakikisha pako wazi, na aliye nyuma ndiye mwenye wajibu wa kumkwepa aliye mbele.

Huu ni mlango wa mwisho wa kughairi bila gharama. Kurudi hatua tano kwa ubavu kwenda kwenye lifti au tawi jingine ni rahisi. Mita 20 chini si rahisi tena.

## Hatua ya 8: Ukiwa tayari umeingia pasipokufaa

Usivue skii. Watu wengi hufikiri kutembea ni salama, lakini buti za skii zina soli ngumu zinazoteleza, nazo kwenye mteremko mgumu hugeuka sleji. Skii zenye kingo za chuma ndizo breki zako. Ukizivua mara nyingi hutaweza kuzivaa tena hapo hapo, na skii moja ikikuponyoka inaweza kumjeruhi mtu chini.

1. Sogea pembeni, mahali anayeteremka anakuona kutoka juu. Pumua mpaka miguu iache kutetemeka.
2. Kingamisha skii. Uzito juu ya skii ya chini, kifua kikitazama bondeni. Hofu hukuvuta uegemee mlima; ukiuegemea, kingo huachia na unateleza.
3. Shuka kwa ubavu kama ulivyojifunza kwenye hatua ya 1, mita tano tano, ukisimama kila mara. Si aibu. Mwinamo mkali mara nyingi ni kipande kifupi tu cha njia nzima.
4. Ukifika ukingo wa njia, usigeuze kwa kuruka. Geuka ukiwa umesimama kama unaweza, au shuka kwa ubavu moja kwa moja bila kugeuka kabisa.
5. Mteremko unapolala, anza kona moja, simama, kona nyingine, simama. Mfululizo urudi taratibu.

Ukianguka na kuanza kuteleza bila kusimama, jitahidi miguu iwe chini na kichwa juu, kisha kandamiza kingo za skii kwenye theluji. Kama skii zimefunguka, lala kifudifudi, jiinue kidogo kwa mikono na kandamiza ncha za buti. Fanya mapema, kadiri mwendo unavyoongezeka ndivyo inavyokuwa vigumu.

Ukishindwa kabisa, au ukiumia, piga simu doria. Bila namba yao, Ulaya piga 112, Marekani na Kanada 911. Mwenzako achomeke skii mbili zikiwa zimekatana kama X kwenye theluji, hatua kadhaa juu ya ulipo, ili wanaokuja wakwepe.

Doria watakuuliza uko wapi, na "kwenye njia nyekundu" si jibu. Taja jina la njia na namba ya nguzo iliyo karibu. Ufaransa nguzo za pembeni zina namba zinazopungua kadiri unavyoshuka, 1 ikiwa karibu na mwisho wa njia, kwa hiyo namba moja inawatosha kujua uko umbali gani kutoka chini. Hapo hapo nguzo zinakuambia pia ukingo upi ni upi: zenye kichwa cha rangi ya chungwa ziko kulia kwa anayeshuka. Kwenye ukungu, ukiona kichwa cha chungwa kiko kushoto kwako nawe unashuka, umetoka nje ya njia; simama hapo hapo, usishuke hata mita moja zaidi, urudi kwa hatua za ubavu mpaka nguzo hiyo iwe kulia kwako.